Mlevi wa Alasiri

“Chupa hazina miguu, Mama Sinia! Hazina miguu! Sasa niambie, uani kwangu zimeingiaje?”

“Nimekwambia sijui! Jani likidondoka kwako utakuja kuniuliza mti ni wa nani?”

“Jani halinuki bia!”

“Na hizo hazinuki! Kwani umezinusa?”

“Mimi ninuse pombe? Mimi?” Bi Pindo alijipiga kifuani kwa kiganja, sindano alizokuwa amezichomeka kwenye gauni zikametameta. “Mbele ya mgeni unaniambia mimi ninuse pombe!”

Mgeni mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya Bi Pindo, begi begani, akisubiri mmoja wao avute pumzi. Wapi! Ukuta uliotenganisha ua wa fundi cherehani na ua wa mgahawa ulifika kifuani tu, kwa hiyo wanawake wale wawili walikuwa wanatazamana vizuri kabisa, kila mmoja ameegemeza viwiko upande wake. Juu, kwenye madirisha ya ghorofa ya pili, vichwa vilishajipanga. Watu wa mtaa ule walikuwa na kazi nyingi, lakini hakuna hata moja iliyoshindwa kusubiri ugomvi mzuri.

“Nipeni nafasi,” alisema mgeni. “Kunusa ndiyo kazi iliyonileta.”

Mwanamke huyu alikuwa mkaguzi wa bodi ya leseni za vileo. Kabla ya hapo alikuwa askari wa upelelezi, na huko ndiko alikopewa jina la Pua, kwa urefu wa pua yenyewe na kwa mahali alipokuwa akiichomeka. Alipohamia bodi, jina lilimfuata kama mkia. Hakulichukia.

Alichuchumaa. Chupa zilikuwa tatu, mbili za bia na moja ya mvinyo, zimelala kwenye kijisehemu cha majani chini ya ukuta. Alivaa glavu, akainua ya kwanza, akaipeleka puani. Akainua ya pili. Ya tatu akakaa nayo muda, macho ameyafumba kama mtu anayesikiliza simu.

“Haya?” waliuliza wote wawili kwa pamoja, kisha wakakasirika kwa sababu wameuliza kwa pamoja.

Pua alizigeuza moja moja. Hazikunuka bia, wala mvinyo. Zilinuka sabuni ya vyombo. Karatasi za ubavuni zilikuwa zimejikunja na kufifia, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Katika chupa ya mvinyo sisimizi walikuwa wanaingia na kutoka kwa mstari, na sisimizi hawapangi mstari bure. Alinyanyuka, akapapasa juu ya ukuta. Palikuwa na alama za duara, nyingine juu ya nyingine, na moja ilikuwa bado mbichi.

“Mama Sinia, maji ya duara hapa yanatoka wapi?”

Mwenye mgahawa, mwanamke mpana, mchangamfu, ambaye mtaa mzima ulimwita kwa jina la sinia kwa sababu hakujua kupakua chakula kidogo, aliipangusa ile mbichi kwa kiganja.

“Mvua,” alisema.

Vichwa vya madirishani vilitazama juu, kwenye anga jeupe lisilo na hata wingu la kusingizia.

“Sawa,” alisema Pua. “Sasa nisikilizeni, nisije nikarudia. Mama Sinia, umeomba leseni ya kuuza vileo na chakula. Nikikuta umeshaanza kuuza kabla ya kupewa, hata tone, si maombi tu yatakayokataliwa. Mgahawa utafungwa. Bi Pindo, umeleta pingamizi, ni haki yako. Lakini bodi haisomi hasira. Inasoma ushahidi.”

“Ushahidi unaimba nyuma ya ukuta wangu kila alasiri,” alisema Bi Pindo. “Njoo uusikie mwenyewe.”

Mama Sinia aliondoa viwiko ukutani, akaingia ndani.

*

Pua alianza na mgahawa. Alikagua majokofu yote: nyama, samaki, maziwa, maji. Alipiga magoti, akamulika tochi chini ya kaunta. Alifungua kabati la mifagio, akatoa mifagio mmoja mmoja. Mama Sinia alimfuata nyuma, akizungumza bila kituo.

“Harusi zinanikimbia, mwanangu. Siku ya kuchumbiana watu wanakula kwangu, wananisifu, wananibusu. Siku ya sherehe wanakwenda hoteli ya barabara kubwa. Kisa? Bwana harusi ana wajomba, na wajomba wana kiu. Nikiukosa na msimu huu, hawa wahudumu wangu nitawaambia nini? Mimi nitarudi kupika na kuuzia dirishani kama zamani, sioni aibu. Lakini wao?”

“Jikoni ni huku?”

“Huku. Huyo ni mdogo wangu, tunamwita Kimya. Usimsubiri aongee, utazeeka.”

Mpishi alikuwa mtu mrefu, mabega ya mtu aliyewahi kubeba vitu vizito, uso mpole. Aliinamisha kichwa kumsalimu Pua, akachota mchuzi wa samaki kwa kijiko, akampelekea. Harufu ya kitunguu na nyanya ilimpanda mkaguzi mpaka machoni. Alikuwa hajala tangu alfajiri.

“Siruhusiwi,” alisema Pua. “Mkaguzi hali wala hanywi mahali anapokagua mpaka amalize.”

Kimya alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa aliyekatazwa chumvi, akarudisha kijiko.

Katika ghala, magunia ya mchele na maharage yalisimama ukutani, midomo imefungwa kwa kamba. Pua alitaka kuona kilichomo. Alishika kamba ya kwanza, akavuta. Akaingiza ukucha. Akajaribu kwa meno ya ufunguo. Kamba ilikuwa imezungushwa mara mbili, ikapita chini yake yenyewe, na ncha ikapotea ndani kama panya.

“Fundo gani hili?”

“La wapagazi,” alisema Mama Sinia. “Kimya alibeba magunia bandarini, stesheni, kila mahali, ujana wake wote. Akifunga yeye, anafungua yeye. Mimi mwenyewe nikitaka mchele lazima nimwite.”

Kimya alipitisha kidole mahali fulani, akasukuma kidogo, fundo likafunguka lenyewe. Ndani ya gunia kulikuwa na mchele. Ndani ya mchele, baada ya Pua kuzamisha mkono mpaka kwapani, kulikuwa na mchele.

Kilichomsimamisha kilikuwa ukumbini. Meza moja ya pembeni ilikuwa na kitambaa cheupe cha sherehe, na juu ya kitambaa doa la kahawia. Alikwaruza kwa ukucha, akanusa.

“Hii ni nini?”

“Chai.”

“Unatandika kitambaa cha harusi kwa ajili ya chai?”

Mama Sinia alijifuta mikono ambayo haikuwa na maji.

“Nani anaimba humu alasiri, Mama Sinia?”

Kule jikoni mwiko ulianguka sakafuni.

“Niulize kingine,” alisema Mama Sinia.

“Sina kingine. Hilo ndilo linaloweza kukufungia mlango.”

“Basi utanifungia, mwanangu. Hilo sikujibu.”

Pua alimtazama. Alishawaona watu wakidanganya kuokoa biashara zao, kila siku alikuwa anawaona. Wa kukataa kuiokoa walikuwa wachache. Aligeuka, akaelekea kwenye ukuta wa upande, ambako kulikuwa na mlango mwembamba wenye komeo jipya linalong’aa. Rangi ya mlango ilikuwa imechubuka kwenye ukingo, pale ambapo mikono hushika, na kizingiti kilikuwa kimelika katikati.

“Mlango huu unakwenda wapi?”

“Kwa Bi Pindo, kwenye cherehani zake.”

“Komeo mmelitia lini?”

“Baada ya kuomba leseni.”

“Na kabla ya hapo?”

“Kabla ya hapo hapakuwa na komeo.” Sauti yake ilishuka. “Alikuwa anakuja kula. Kila mchana, tangu mumewe alipofariki. Kiti chake kile pale.”

Kilikuwa kiti kama vingine, ila kilikuwa na mto uliodariziwa, na wateja wa mchana waliokuwa wanaanza kuingia walikizunguka bila kukikalia.

*

“Fungua mlango, mke wangu, dunia inazunguka,” alisema Bi Pindo. Hakuimba. Aliyataja maneno kwa sauti kavu, kama anayesoma vipimo vya kiuno na mabega. “Usiulize nilikokwenda, nilikokwenda ni mbali. Fungua mlango, mke wangu, nimerudi na viatu vyote viwili.”

Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

“Ndio huo wimbo?”

“Ndio huo. Redioni huusikii, aliutunga mwenyewe. Mume wangu, mwanangu, alikuwa mtu mzuri sana asubuhi. Jioni alikwenda kilabuni. Akirudi, nasikia wimbo kwanza, halafu hodi. Nikifungua, namkuta ameegemea mlango, anacheka. Na mimi nagomba. Nikagomba miaka, mpaka siku aliyolazwa.”

“Kwa hiyo anayeuimba humo ndani…”

“Ni wenzake wa kilabuni! Nani mwingine angeujua? Nasikia glasi zinagongana, nasikia vicheko, halafu nasikia wimbo wa marehemu, kwenye nyumba ninayokula.” Alijirekebisha. “Niliyokuwa ninakula. Mimi sipingi kelele, mama. Cherehani zangu zina kelele kuliko wao. Ninachosema, sitaki mke mwingine mtaani humu akae macho anasikiliza hatua barabarani. Nimemaliza zamu hiyo, asipewe mwingine.”

Pua aliandika. Kalamu ilipodondoka, aliinama kuiokota, na chini ya meza ya cherehani akaona viatu vya kiume, vyeusi, vimepakwa rangi vikang’aa. Kamba zake zilikuwa zimefungwa.

“Hivyo ni vyake?”

“Ndivyo alivyorudi navyo mara ya mwisho. Kesho yake hakuamka vizuri. Nilimvua hivyohivyo, vimefungwa, na sijavifungua.”

“Naweza?”

“Kuangalia tu.”

Pua alivitazama zaidi ya mtu anavyotazama viatu. Kamba ilikuwa imezungushwa mara mbili. Ilipita chini yake yenyewe. Ncha haikuonekana.

“Alikuwa anafunga hivi kila siku?”

“Asubuhi alifunga kama watu wote. Akirudi ndiyo nakuta mafundo haya. Nilikuwa nafungua kwa sindano, nikisema, mlevi wewe, akili ya kufunga fundo kama hili unaitoa wapi?”

“Alikujibu nini?”

“Alicheka tu.”

*

Kinyozi wa kona alikuwa amemfunika mteja shuka mpaka shingoni na kumnyoa upande mmoja. Pua alikuwa ameshaambiwa na vichwa viwili vya madirishani kwamba kinyozi ndiye aliyekuwa rafiki mkubwa wa marehemu kilabuni.

“Nilishaacha,” alisema kinyozi kabla hajaulizwa. “Muulize mke wangu. Muulize daktari. Muulize huyu hapa.”

“Kaacha,” alisema mteja ndani ya shuka.

“Sikuja kwa hilo. Nimekuja kuuliza wimbo wa marehemu.”

“Wimbo upi?”

“Aliokuwa anauimba.”

Kinyozi alicheka. “Dada, umekosea marehemu. Yule kilabuni hakuimba hata siku moja. Alikuwa anakunywa kama mtu anayesoma, kimya, macho kwenye glasi. Sisi ndio tulioimba, yeye alikuwa anaziba masikio.”

“Hukuwahi kumsikia akiimba kuhusu viatu?”

“Viatu!” Kinyozi alijipiga paja. “Viatu ndivyo vilivyokuwa vinamshinda! Akikaa anavivua, akinyanyuka anakiona kimoja. Tulikuwa tunaachana hapa kona, mimi kule, yeye huku, na mara nyingi alikuwa anachechemea na kiatu kimoja, kingine kimebaki chini ya meza.”

“Nyumbani alifika na viwili.”

“Haiwezekani.”

“Vimefungwa kamba.”

Mashine ya kunyolea ilisimama hewani. Kinyozi alianza kuhesabu kitu kichwani, na kilikuwa hakijumliki.

“Endelea, bwana,” alisema mteja. “Nina nusu kichwa.”

“Saa zile mlizokuwa mnaachana,” alisema Pua, “nani mwingine alikuwa anapita hapa?”

“Hakuna. Maduka yamefungwa. Labda yule Kimya wa mgahawa, akitoka kumwaga taka. Lakini Kimya hanywi. Kimya hata salamu anaitikia kwa nyusi.”

Pua alishukuru, akatoka. Nyuma yake alimsikia kinyozi akisema, “Vimefungwa kamba?” na mteja akisema, “Kichwa changu, bwana.”

*

Baada ya wateja wa mchana kuondoka, mgahawa ulifunga mlango wa mbele ili kujiandaa kwa jioni, kama ulivyokuwa ukifanya kila siku. Pua alikuwa ameketi kwenye kigoda kwa Bi Pindo, tumbo linamnguruma kiasi cha fundi kugeuka kumtazama. Kisha, nyuma ya ukuta, glasi zikagongana.

Bi Pindo aliondoa mguu kwenye cherehani.

“Subiri,” alinong’ona.

Sauti ilianza, nene, ya mtu aliyelewa chakari: Fungua mlango, mke wangu, dunia inazunguka. Vicheko. Kiti kikaburuzwa. Usiulize nilikokwenda, nilikokwenda ni… Ikasimama. Kisha ikaanza upya, toka mwanzo, sauti ileile, ulevi uleule.

“Unaona?” Macho ya Bi Pindo yalikuwa yamejaa maji. “Unaona wanavyomchezea?”

“Bi Pindo,” alisema Pua polepole, “umewahi kumsikia mlevi akirudia mstari kwa sababu ameukosea?”

Kabla hajajibu, sauti ya Mama Sinia ilipenya ukutani: “Hapana! Tena! Unamshika kama unamkamata mwizi! Mshike kama mjomba wako!”

Pua alikwenda kwenye mlango mwembamba, akagonga. “Bodi ya leseni.”

Kitu cha kioo kilivunjika. Watu walinong’onezana. Mwishowe komeo likavutwa.

Kimya alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, vifungo vya shati vimepishana, kofia imeelekea kisogoni, kiatu kimoja mguuni, glasi mkononi. Wahudumu wawili, mwanamume na mwanamke, wamevaa sare mpya, walikuwa wamemshika huku na huku. Kwenye meza yenye kitambaa cheupe palikuwa na chupa za kila aina, na zote zilijaa kitu cha kahawia.

Pua alipita katikati yao. Alichukua chupa ya bia, akanusa. Ya mvinyo, akanusa. Ya pombe kali, yenye shingo ndefu, akanusa mara mbili kwa heshima ya ile shingo.

“Chai,” alisema. “Na hii ina sukari nyingi.”

“Hiyo ndiyo ya bei mbaya,” alisema mhudumu wa kike, kwa sauti ndogo.

Mama Sinia alijitupa kitini. “Haya, yameisha. Mwanangu, kwenye fomu yenu kuna mahali mmeandika kwamba wahudumu wawe wamefundishwa kumtoa mteja aliyelewa kwa heshima. Sasa mimi sijawahi kulewa. Hawa hawajawahi kulewa. Mlevi anashikwa wapi? Anaambiwa nini? Chupa tupu nikaziomba hotelini, tukazitia chai, tukafanya mazoezi. Kesho yake asubuhi tunaziosha, tunazianika ukutani, na paka naye anapita palepale.”

Pua alilijua sharti lile vizuri. Aliliandika yeye. Miaka yote waombaji waliweka alama ya ndiyo pembeni yake, wakaendelea na mambo yao. Hakuna aliyewahi kumtafuta mlevi wa mazoezi.

“Asubuhi nimekuuliza,” alisema. “Ningekufungia. Kwa nini hukusema?”

Mama Sinia alimtazama mdogo wake. Kisha akamtazama aliyesimama mlangoni.

“Mnamwigiza mume wangu,” alisema Bi Pindo. Hakupiga kelele, na hilo ndilo likawa baya zaidi. “Mmenifungia mlango ili mumcheke vizuri.”

Kimya alitikisa kichwa kwa nguvu, kofia ikadondoka.

“Kimya,” alisema Pua, “kiatu chako kingine kiko wapi?”

Alionyesha chini ya meza.

“Kivae.”

Mpishi aliinama, akakitoa, akakivaa. Vidole vyake vilifunga kamba bila yeye kuviangalia: mara mbili kuzunguka, chini, ncha ndani. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama usoni. Bi Pindo peke yake ndiye aliyetazama vidole.

Aligeuka, akatoweka kwenye mlango. Aliporudi alikuwa amekumbatia viatu vyeusi. Alipiga magoti taratibu, magoti yakalia, akaviweka sakafuni kando ya mguu wa Kimya. Macho yaliyofuata mishono maisha yake yote yalikwenda kwenye fundo moja, yakarudi kwenye jingine.

“Kilabuni hawaujui huo wimbo,” alisema Pua. “Kinyozi hajawahi kuusikia. Mtu anayeujua ni yule aliyekuwa na marehemu kuanzia kona mpaka mlangoni kwako. Aliyerudi kuokota kiatu chini ya meza, akamvisha, akamfunga kamba asije akajikwaa.”

“Wewe?” aliuliza Bi Pindo.

Kimya aliitikia kwa nyusi kwanza. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ile nene ya mlevi. Ilikuwa nyembamba, yenye kutu ya kutotumika.

“Alinikataza kusema, shemeji. Alisema, mke wangu akijua nimeletwa, atalia. Akidhani nimefika mwenyewe, atagomba tu. Bora agombe.”

Bi Pindo aligusa fundo la kiatu cha marehemu kwa kidole.

“Nilikuwa nabisha hodi mimi,” aliendelea Kimya, kwa kuwa sasa fundo la ulimi lilikuwa limeshafunguka. “Halafu najificha nyuma ya pipa lako la maji.”

“Pipa langu!”

“Ukishamwingiza, ndiyo naondoka.”

“Kumbe nilikuwa nagomba, na wewe uko kwenye pipa unasikiliza?”

“Ulikuwa unagomba vizuri, shemeji.”

Mhudumu wa kiume alicheka, akajiziba mdomo. Bi Pindo aligeuka kama anayetaka kumkaripia, na kicheko kikamtoka yeye mwenyewe, kikatoka pamoja na machozi, akavishika vyote viwili kwa mkono mmoja usoni.

“Na wimbo?” aliuliza alipopata pumzi. “Wimbo aliutunga yeye.”

“Tuliutunga wote, njiani. Mstari wa viatu ni wangu.”

“Ukaona huyo ndiye wa kuwaigizia watu.”

“Sikumwigiza nimcheke.” Kimya alitazama viatu vinne pale sakafuni. “Mlevi mwingine niliyempenda simjui. Nikasema wakijifunza kumshika yeye, watajua kumshika yeyote.”

Mama Sinia alikuwa anajifuta pua kwa kitambaa cha harusi. “Tukafunga mlango ili usisikie. Tukasahau kwamba ukuta wenyewe ni kama karatasi.”

*

Pua alitoa karatasi zake. Kazi ni kazi.

“Bi Pindo, nakuuliza rasmi. Hakuna pombe iliyouzwa hapa. Nitaandika hivyo. Pingamizi lako bado lipo?”

“Lipo,” alisema Bi Pindo.

Mama Sinia aliyekuwa ananyanyuka alikaa tena.

“Lipo mpaka uandike sharti. Mteja akilewa humu, asitoke peke yake. Apelekwe mpaka mlangoni kwake. Na anayempeleka asijifiche kwenye pipa la mtu! Asimame aonekane, mwenye nyumba ajue ni nani wa kumshukuru.”

Pua aliandika neno kwa neno, ukiondoa pipa.

“Mama Sinia, unalikubali?”

“Hilo hata bila kuandika.”

“Naandika. Napendekeza leseni itolewe, kwa sharti hilo. Bodi haijawahi kurudisha pendekezo langu. Bi Pindo, tia saini hapa kwamba umeliondoa pingamizi.”

Fundi alitia saini. Kisha akanyoosha kidole kwenye mlango. “Na hilo komeo?”

“Komeo halimo kwenye mamlaka ya bodi,” alisema Pua.

Halikuhitaji bodi. Kimya alishachukua bisibisi. Mama Sinia alikibeba kile kiti chenye mto, akakiweka mahali pake mezani, akapiga kofi juu yake kukung’uta vumbi ambalo hakuna aliyeliruhusu kutua. Sahani zilitoka jikoni, wali na samaki na mboga, moja ikiwa imejaa kuliko zote, na hiyo Kimya akaileta moja kwa moja kwa mkaguzi.

Pua aliitazama kama mtu anayeagana na ndugu stesheni. “Mpaka nifikishe karatasi ofisini,” alisema. “Ni kanuni. Siwezi kula kwa mwombaji.”

Tumbo lake likanguruma. Ukumbi mzima ulilisikia.

“Hebu,” alisema Bi Pindo. Aliichukua ile sahani mikononi mwa Kimya, akavuka nayo kizingiti, akasogeza vitambaa na mkasi, akaitua kwenye meza yake ya kukatia.

“Chakula bado ni cha mwombaji,” alisema Pua, ila bila nguvu.

“Cha mwombaji wapi? Hiyo ni sahani yangu. Nimeikosa tangu mlango ulipofungwa, na sasa nimepewa, nampa nimtakaye. Huku ni kwa fundi cherehani. Leseni sijaomba, pingamizi sina. Sheria gani inakukataza?”

Pua alisimama pale mlangoni, akazipitia kanuni zote kichwani, toka ya kwanza mpaka ya mwisho. Hakuipata.

“Basi ingia ule, mwanangu, kinapoa,” alisema Bi Pindo, akimvutia kigoda. “Ila nimefagia. Viatu acha hapo mlangoni.” Akamtazama Kimya, akatabasamu. “Vyote viwili.”